Kwa Nini Kondoo Hulia wa Kwanza Mbuga Inapofurika

Sogeeni. Anayekamua na akamue huku masikio yakiwa hapa. Mimi husema polepole, mnanijua, lakini habari yenyewe haitaki kuchelewa.

Zamani, Mwenyezi Mungu alipokuwa bado hajafunga ndimi za wanyama, mbu hakunywa damu. Alikunywa utamu wa maua ya mgunga na umande wa alfajiri, na kazi yake ilikuwa kuimba harusini. Bibi harusi hakutoka nje kabla mbu hajamwimbia sikioni. Watu waliacha milango wazi ili aingie, na mwenye nyumba alimkaribisha kama jamaa.

Kisha ukaja ukame. Migunga ikapukutisha maua yote, umande ukakauka kabla ya kutua. Mbu alikuwa na mayai tumboni, na mayai hayakukomaa kwa njaa. Akamwendea ngamia kuomba chakula, ngamia akatazama mbali. Akamwendea ng'ombe, ng'ombe akamchapa kwa mkia. Mwisho akamwendea kondoo jike, mkubwa wa kundi la mfugaji mmoja aliyeitwa Godana.

"Mama Kondoo," alisema mbu, "mimi nakufa, na wanangu wanakufa ndani yangu."

Kondoo naye alikuwa na mimba, na mwenye mimba humjua mwenye mimba. Akainamisha shingo. "Nina damu tu. Onja tone, wanao wapone. Lakini apa kwamba mvua ikinyesha utarudi kwenye maua yako."

Mbu akaapa kwa ardhi waliyoikanyaga. "Nikivunja ahadi, chakula changu kiwe sumu kinywani mwangu, na ardhi iwafungie wanangu wasilione jua." Akanywa. Mayai yakakomaa, naye akayataga katika nyufa za bwawa lililokauka. Ardhi ilikuwa imesikia kila neno.

Halafu mvua ikaja! Na mvua gani! Mto ulipanda kingo zake ukaitafuta mbuga, mbuga ikajaa mpaka samaki wakaogelea penye njia ya ng'ombe. Watoto walirukaruka majini wakipiga kelele, wanawake wakapiga vigelegele, majani yakachipua mpaka yakafika magotini. Halako, mke wa Godana, aliyekaa miaka mingi bila mtoto, alikuwa mjamzito, na watu wakasema mwaka huu Mola amefungua mikono yote miwili.

Bwawani mayai yakaanguliwa. Wana wa mbu wakainuka kama moshi wa nyasi mbichi. Migunga ilikuwa imechanua, njano tupu, inanukia hadi mbali. Mbu akaitazama, akalamba mdomo, akasema, "Tone moja la mwisho." Akarudi kwa kondoo, na wanawe wote nyuma yake. Walipotia midomo yao, kile kiapo kikageuka sumu ndani ya damu ya kondoo.

Asubuhi moja, kabla jua halijapanda, kilio kikatoka zizini. Kondoo walitupa mimba, huyu na yule na yule, mpaka chini kukawa hakuna pa kukanyaga. Wakaanza kuanguka.

Sasa, sisi wafugaji tuna tabia yetu. Mnyama akianguka, tunamkimbilia kwa kisu kabla hajakata roho. Mnyama aliyekufa mwenyewe ni kibudu, haliwi. Kumwacha afe hivyo ni aibu, ni kama kumwaga riziki uliyopewa. Na katika mbuga ile hakuna aliyekimbia kumzidi Godana. Watu walimwita Mwahi-Kisu. Siku ile alikimbia zizi zima akisema bismillahi, bismillahi, na mdogo wake Dulu akachuna ngozi, damu mpaka kwenye viwiko. Majirani wakaja, wakala, wakamsifu.

Siku chache baadaye Dulu akashikwa na homa. Macho yakawa mekundu, damu ikatoka kwenye fizi. Hakufika Ijumaa. Kijana aliyekuwa akibeba ndama begani, akabebwa yeye. Godana akamzika, akarudi nyumbani, na pale mlangoni akamkuta Mama Kondoo ameanguka.

Mkono wenyewe ukaenda kwenye kisu.

"Godana, kishushe," alisema kondoo. "Damu iliyomo humu si yangu tena. Ukiifungua itamwagika kwako, na kutoka kwako itaingia kwa Halako na aliye tumboni mwake. Mimi wangu nimekwisha kumpoteza. Niache nilie tu, wewe mchukue mkeo mpande kule juu kwenye mchanga, mahali pasipotuama maji."

Watu walikuwa wamekusanyika. Wario, kaka yake Halako, akacheka kwa sauti. "Shemeji! Mwahi-Kisu! Leo mkono umekufa ganzi? Utamwacha afe kibudu, tukuite nani kesho?"

"Au amemwoa huyo kondoo?" mtu mwingine akadakia, wakaangua kicheko.

Godana alisimama na kisu mkononi. Jina lake lote lilikuwa katika kisu kile. Akamtazama kondoo, akamtazama Halako aliyeshika tumbo, akautazama udongo mbichi wa kaburi uliobaki kwenye viatu vyake. Kisha akaenda kwenye mgunga, akakining'iniza kisu kwenye tawi la juu, mbali na mkono.

"Niiteni mnavyotaka," alisema. "Halako, twende!"

Lo, mwendo ule! Maji kiunoni, mkeka kichwani, mbuzi wakiogelea, ng'ombe wakisukumana, na nyuma yao wingu la mbu likilia kama mtu aliyenyimwa haki yake. Halako aliteleza, akainuka, akateleza tena. Godana akamshika mkono wakakwea mpaka miguu yao ikahisi mchanga mkavu. Papo hapo akawasha samadi kavu aliyoibeba kifuani. Moshi ukapanda mzito, upepo wa juu ukausukuma usoni mwa mbu, nao wakakatika pale pale, kama uzi.

Halako akageuka akaita kwa nguvu, "Kaka Wario! Kama ni njaa, panda nikupe maziwa yaliyochemka! Kisu kiache!" Wario akasitasita, akatazama kondoo walioanguka, akatazama moshi. Akatupa kisu chake, akapanda mbio. Wengine wakamfuata.

Kule chini Mama Kondoo alibaki peke yake, na kabla ya kukata roho akaomba, "Mola wangu, kama wanangu ni wa kufa, kilio changu kisiende bure. Unifanye wa kwanza kulia, wenye masikio wapate kukimbia." Na Mola alimsikia. Huko juu kwenye mchanga, moshi ukifuka, Halako akajifungua salama mtoto wa kiume, na mtoto akalia mpaka mbuga nzima ikasikia.

Maji yalipokauka, ardhi ikadai kiapo chake. Iliyafunika mayai ya mbu katika nyufa na kuyafungia humo miaka na miaka, ila mafuriko makubwa yakija hulazimika kufungua mlango.

Na tangu siku hiyo mbu wa bwawa hulala udongoni hata watu wakamsahau, kisha huinuka pamoja na maji makubwa. Tangu siku hiyo kondoo hutupa mimba kabla binadamu hajaugua. Na ndiyo sababu mvua ya namna hiyo ikija, sisi tunaosikia hatumkimbilii mnyama anayeanguka. Tunaning'iniza kisu, mimba iliyotupwa hatuigusi kwa mikono mitupu, tunapanda mchangani, tunawasha moshi, na daktari wa mifugo tunamtumia habari.

Marehemu mume wangu alikuwa mwepesi wa kisu, Mungu amweke pema. Alisifiwa sana. Kisu chake ndicho kile mnachokiona kwenye tawi, nilikining'iniza leo alfajiri kwa mkono wangu mwenyewe, kwa sababu kondoo wa jirani yetu amelia.

Haya, maziwa yafunikeni. Inukeni, wanangu, mbona mnaniangalia? Chukueni samadi, twendeni juu!