Shimo la Mzee Mapembe

Mwaka ambao mvua ilisusa ng'ambo ya kilima, Muhanga, mnyama mchimba mashimo, alivuka akaja kwetu na mke na watoto. Kwetu ni kwa ngiri, wanyama wenye meno ya kutisha na akili za kubahatisha. Mimi ni wa ukoo huo, kwa hiyo ninaowacheka nawajua.

Kisima kilikuwa cha Fisi. Sisi tulimbebea udongo, naye alitulipa kapu la viazi mwitu kwa siku. Alipofika Muhanga, ambaye kwake kuchimba ni kama kupiga soga, kapu letu likawa nusu.

"Msinilaumu mimi," alisema Fisi akijipangusa mdomo. "Nusu yenu anakula mgeni."

Tukaamini papo hapo. Kufikiri kungetuchelewesha kukasirika.

Mzee wetu Mapembe akatuongoza hadi kwa Simba. "Mfalme, mgeni anakula ujira wetu. Foleni ya maji haiishi. Kesho atataka na mashimo tunamolala! Afukuzwe!"

"Aondoke leo!" alinguruma Simba, ambaye hapendi kuonekana akiwaza.

"Na alivyochimba je?" Sungura aliuliza kwa upole.

"Avifukie vyote!" Mapembe akadakia. "Vyake na vya ukoo wake!"

Muhanga hakubisha. Alianza na shimo la Mapembe mwenyewe.

"Wee! Hilo ni la babu yangu!"

"Samahani, mzee wangu. Babu yako alihamia tu. Babu yangu ndiye aliyelichimba, alipovuka kuja huku kiangazi kimoja cha zamani. Tazama alama za kucha ukutani."

Sisi ngiri huingia shimoni kinyumenyume, makalio yakitangulia, ili tumkabili adui. Hakuna aliyewahi kuutazama ukuta wa ndani. Mapembe aliingiza kichwa, akaziona. Mashimo yetu yote yalikuwa na alama hizo, na Muhanga akayafukia moja baada ya jingine. Jua lilikuwa linazama, chui anatujua, na watoto wetu walianza kulia. Niliogopa sana.

Muhanga akageukia kisima. Fisi akaruka mbele yake. "Acha! Nani mwingine atanichimbia kwa nusu kapu?"

"Nusu?" aliuliza Sungura. "Nusu nyingine inakwenda wapi?"

"Niliahidiwa kapu zima, kisha nikaambiwa nusu wanapewa ngiri, wenye nchi," alijibu Muhanga.

Wote tukaligeukia tumbo la Fisi. Lilikuwa limenona katikati ya ukame, nasi tulikuwa tukiliamkia kila asubuhi.

Simba, aliyekuja kusimamia amri yake, akaifuta, akawapa kisima wanaokichimba, na Fisi akawa mbeba udongo wao, kwa nusu kapu.

Tulimwomba Muhanga radhi, akatufukulia mashimo yetu. Hadi leo tunaingia kinyumenyume. Wageni wakituuliza, tunasema ni kwa ajili ya adui. Kusema kweli, tunaona haya kuutazama ule ukuta.