Mgonjwa wa Njia ya Mkato

Sogeeni karibu, na anayetafuna karanga apunguze kelele. Mwaka huo mvua iliisusa nchi ya wanyama. Mto ukakauka, visima vikakauka, hata Kiboko akaonekana magoti, kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona. Likabaki bwawa moja tu, mbele ya pango la Mfalme Simba.

Kwenda bwawani kulikuwa na barabara kubwa iliyozunguka kilima. Lakini kulikuwa pia na njia ya mkato, iliyopita katikati ya Mtaa wa Mchangani, mlangoni kabisa mwa wanyama wadogo. Na nani atazunguka kilima na kiu yake? Kila asubuhi Nyati mbio, Nyumbu na ukoo wake mzima mbio, Ngiri mkia juu mbio. Aliyechelewa kuamka lakini akawahi kufika ni Fisi, maana Simba akishakula hutupa mifupa, na Fisi hakuwa tayari kuona mfupa ukiingia kinywa kingine.

Katika mtaa huo aliishi Bi Kobe, bibi wa miaka mia na thelathini. Wiki ile alikuwa amepinduliwa mara nne. Mara ya nne alilala chali tangu asubuhi hadi adhuhuri, miguu ikipiga hewa, mpaka Sungura jirani yake alipomwona akamgeuza. Hilo aliweza kulivumilia. Kilichomnyima usingizi ni mayai yake tisa, aliyoyafukia mchangani kando ya njia kabla ya ukame, wakati njia ile hapiti mtu ila konokono. Yai la kobe ukiligeuza umeliharibu, kwa hiyo kuyahamisha hakuwezekani. Na zilibaki siku saba yaanguliwe, watoto wavuke njia kwenda kwenye majani ya upande wa pili.

"Watoto wangu watakuwa chapati," alimwambia Sungura, na akalia kweli.

Wakaenda kwa Simba. Simba aliwasikiliza amefumba macho, huku akichanwa manyoya.

"Mimi nimetembea njia zote za nchi hii," akasema, "na sijakanyagwa hata siku moja. Kwa hiyo tatizo hilo halipo."

Wakarudi, wakajenga tuta. Panya alichimba, Nungunungu alichimba, Kanga walichimba na kugombana. Asubuhi Nyati akapita juu yake bila kupunguza mwendo, na alipofika bwawani akauliza nani kaacha kitu laini njiani.

Sungura akaketi kufikiri. Alijikuna sikio moja, akahamia la pili.

"Bi Kobe, mtu akipita uani kwa watu hufanyaje?"

"Hupiga hodi, akasalimia. Labda awe amelelewa na Fisi."

"Basi!" Sungura akaruka.

Jioni ile ile alirudi kwa Simba, safari hii kwa magoti. "Mtukufu, kuna aibu. Wanyama wanapita Mchangani kimyakimya. Hakuna hata mmoja anayeuliza, Mfalme wetu kaamkaje?"

Simba akafumbua macho yote mawili. "Hawaniulizii?"

"Hata kidogo."

Ikatoka amri: apitaye Mchangani asalimie kila nyumba, na kila nyumba aulizie hali ya Mfalme. Atakayekataa atakunywa maji wa mwisho. Mgonjwa tu ndiye apishwe, maana mgonjwa hacheleweshwi.

Kesho yake Nyati akatokea akitimua vumbi. Bi Kobe alikuwa mlangoni.

"Hodi! Shikamoo, Bibi," Nyati akahema.

"Mara..." akaanza Bi Kobe. Nyati akasubiri. Nzi akatua puani mwake, akaondoka, akarudi. "...haba. Habari za nyumbani?"

"Njema. Mfalme kaamkaje?"

"Salama. Na yule ndama aliyekuwa akikohoa?"

"Kapona."

"Alhamdulillahi. Kapona kwa dawa gani?"

Na hiyo ni nyumba ya kwanza. Zilikuwa kumi na mbili. Kwa Kanga walikuwamo Kanga kumi na wanane, na kila mmoja alitaka kujibiwa peke yake. Nyati alifika bwawani jua la utosi. Siku iliyofuata alikizunguka kilima akisema mazoezi ni afya, na Nyumbu wakamfuata, maana Nyumbu humfuata yeyote. Mtaa ukatulia.

Lakini Fisi ni Fisi tu. Siku ya tano kati ya zile saba alikuja amejifunga jani kavu la mgomba kichwani, anachechemea mguu wa kushoto. "Nipisheni! Naumwa! Nawahi kwa mganga!"

Wakampisha. Mbele kidogo akasahau, akachechemea mguu wa kulia. Kisha akasahau kabisa, akatoka mbio. Unyayo wake ukaparua mchanga kwa Bi Kobe, na yai moja likatokeza nje, jeupe. Ingekuwa kwato, lingepasuka; hata ukucha ule ulilikosa kidogo tu. Bi Kobe alilifukia bila kuligeuza.

"Ugonjwa gani huu wenye mbio hivi?" akasema. Kwa mara ya kwanza katika miaka mia na thelathini, alikasirika upesi.

Siku ya sita Fisi akapita tena, eti tumbo. Mchana kutwa Bi Kobe akatambaa nyumba hadi nyumba, akinong'ona jambo.

Siku ya saba Fisi akaja anapiga mayowe. "Nipisheni, nakufa!"

Bi Kobe alikuwa amesimama katikati ya njia. "Pole, baba! Siku tatu unaumwa, na sisi tunakuacha uende peke yako! Tu majirani gani sisi? Jamani, njooni, kuna mgonjwa!"

Milango kumi na miwili ikafunguka kwa pamoja. Kabla Fisi hajapumua alikuwa amelazwa kwenye mkeka, amekatiza njia nzima. Panya akaleta uji usio na chumvi. Kanga wakaleta bakuli la mwarobaini. Nungunungu akasema yeye ni bingwa wa kukanda.

"Hapo hapaniumi!" akalia Fisi.

"Ndipo penyewe," akasema Nungunungu, akakandamiza.

Sungura akaketi kichwani kwa mgonjwa na sura ya matanga. "Hata mjomba wangu alianza hivi hivi. Alikuwa akiongea vizuri kama wewe. Jioni tukamzika."

Upepo ukaleta harufu ya mifupa kutoka kwa Simba. Mate yakamtiririka Fisi.

"Anatoka povu!" wakapiga kelele Kanga, wakamwongezea mwarobaini.

Ngiri, aliyeona Fisi akipishwa bila salamu, naye alitokea mbio, akakuta mgonjwa amejaa njia, akatoa pole, akageuza. Hapo ndipo mchanga ulipotikisika. Kikatoka kichwa kidogo, kisha kingine. Watoto wa Bi Kobe wakaanza kuvuka mmoja mmoja, wakipita ubavuni mwa Fisi polepole, maana hawakujua mwendo mwingine.

"Usitikise hata mkia," Bi Kobe akamwambia Fisi, na sauti yake haikuwa ya kumwuguza.

Wanane walikuwa wameshavuka Simba alipofika kumjulia hali mgonjwa. Alikuja na kioo chake, asije akasahau sura yake njiani. "Nimesikia hawezi kula," akasema. "Nimemhurumia. Mifupa yake ya leo, na ya mwezi mzima, nimempa Tumbusi."

"Nini?" Fisi akaruka wima. "Mimi mzima! Sina hata mafua! Sijawahi kuumwa tangu nizaliwe!"

Simba akashusha kioo chake.

"Mzima," akasema Simba taratibu. "Kumbe ugonjwa wako ulikuwa wa kuikwepa amri yangu. Lala chini! Mpaka mvua inyeshe, kila asubuhi utalala hapo hapo. Hawa walihitaji tuta, wamelipata."

Fisi akalala. Mtoto wa tisa, mdogo kuliko wote, alifika puani mwake, akasimama.

"Shikamoo."

"Marahaba," Fisi akaguna.

"Habari za nyumbani?"

Bi Kobe alicheka hadi akapinduka mwenyewe, na akalala chali kwa raha zake, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumkanyaga. Njia ya mwongo ni fupi.