Jibu kwa Marehemu

Mwanamke mmoja alikuwa na anwani mbili za barua pepe katika kompyuta moja: yake mwenyewe, na ya mumewe aliyekufa. Habari yake imesimuliwa mara nyingi, lakini hakuna aliyeweza kueleza kwa nini shemeji yake, aliyetupa udongo kaburini kwa mkono wake mwenyewe, alimjibu marehemu.

Mwanamke huyo aliitwa Elieshi. Mumewe, Ndekirwa, alikuwa katibu wa ukoo; yeye ndiye aliyeita vikao na kutangaza maamuzi. Alipokufa, kaka yake Kalebi alisema nyumba ni ya ukoo, na mjane ahame matanga yakiisha. Elieshi akawaandikia wanaukoo kuomba kikao, na kuomba aachwe akae katika nyumba yake. Wiki tatu zikapita. Hakuna aliyejibu.

Akaandika tena. Siku hiyo alikuwa amefungua kisanduku cha barua pepe cha mumewe kutafuta nakala ya hati ya kiwanja, na kompyuta ikaituma barua kutoka anwani iliyokuwa wazi. Hakutazama sehemu ya mtumaji. Chini ya barua lilikuwa jina lake. Juu, la Ndekirwa.

Kabla chai yake haijapoa, majibu yakaanza kuingia. "Tumepokea, katibu." "Nitafika." Mmoja alimtania katibu kwamba mialiko yake siku hizi imekuwa mifupi. Mwisho likaja la Kalebi: "Kama ni wewe unasema, mdogo wangu, basi shemeji akae."

Elieshi alikuwa amepata alichokiomba. Kilichobaki ni kunyamaza tu. Badala yake vidole vyake vilianza kuandika barua nyingine kutoka anwani ileile, kuhusu shamba la migomba, na maneno yakaja mepesi. Aliposoma alichoandika, aliona kimeanza na "Wapendwa wangu", kama alivyozoea kuanza Ndekirwa. Yeye hakuwahi kuandika hivyo maishani mwake. Akahisi kwamba akiimaliza barua ile, hatabaki mtu wa kuishi katika nyumba ile.

Akaifuta. Akafungua anwani yake, akatazama sehemu ya mtumaji mara tatu, akaandika: "Barua ile niliituma mimi, Elieshi. Ndekirwa amekufa. Naomba kikao kwa jina langu."

Walikuja, wengine kwa aibu, wengine kwa hasira.

"Shemeji, umetuchezea," alisema Kalebi.

"Mimi nilikosea anwani, shemeji. Ninyi mlikosea mtu."

Kisha ikaamuliwa kwamba Elieshi abaki katika nyumba yake, na kwamba anwani ya marehemu ifungwe siku ileile. Kalebi akapewa kazi hiyo, kwa kuwa ndiye mkubwa. Alivuta kiti, akaweka kidole pale pa kubonyeza, akakiondoa. Akakiweka tena, akakiondoa. Elieshi ndiye aliyeifunga.