Jicho Lisilopiga Hodi

Siku ile, ndugu zangu, pale ofisi ya mtaa walionekana watu watano: mwenyekiti, karani wake, mgambo mzee mwenye kikohozi, mwanamke mmoja, na mtoto mchanga mgongoni mwake, maana mtoto naye ni mtu.

Katika mtaa huo kila mlango ulikuwa na tundu. Mwenyekiti alitangaza kwamba ni kwa usalama, mgambo wapate kuchungulia. "Asiye na la kuficha ataogopa nini?" Basi watu wakaitoboa milango yao wenyewe. Wengine walipiga na msasa, jicho la mgambo lisichomwe na kibanzi.

Mwanamke yule alinyonyesha akitazamwa. Aliinua kichwa, akakuta jicho limetulia tunduni, halipepesi, halipigi hodi. Liliweza kukaa pale tangu uji unachemka mpaka unapoa. Mgambo mzee peke yake ndiye aliyekohoa kabla ya kuchungulia, ili mama ajifunike.

Jumanne mumewe akaitwa ofisini. Hakurudi. Alhamisi asubuhi mwanamke akamfuata.

"Hodi!" Kimya. "Hodi!" Kimya. "Hodi wenyewe!"

Ndani kiti kilikwaruza sakafu, kikanyamaza.

Mara tatu zimetimia. Ndivyo tulivyolelewa: ukikosa karibu, unarudi zako. Lakini ataanzaje kurudi? Mlango wa ofisi nao ulitobolewa siku ya kwanza, uwe mfano kwa wengine, kisha tundu likazibwa kwa kitambaa. Akakisukuma kwa kidole. Akaweka jicho.

Aliona msumari ukutani, na shati la mumewe limetundikwa. Kifungo cha pili kilikuwa chekundu, alikishona yeye. Kisha asione kitu tena, maana jicho lingine lilikuwa limekuja upande wa pili, likimtazama.

Mlango ukafunguka kidogo.

"We mama! Unachungulia ofisi ya serikali? Huna haya?" mwenyekiti akafoka.

"Shikamoo mzee. Nimemfuata baba watoto."

"Hajafika hapa."

"Na shati lile?"

Karani akacheka. "Mama, huyo mtoto hakulazi. Unaota mchana!"

"Mwandike," mwenyekiti akamwambia karani. "Kosa lake ni upelelezi."

"Mzee, si ulisema asiye na la kuficha haogopi?"

"Niliwaambia ninyi."

Hapo mgambo mzee akakohoa, vilevile kama alivyokuwa akikohoa mlangoni kwa mama yule. Akausukuma mlango hadi ukutani. "Shati lile pale," akasema. "Na mwenyewe yuko chumba cha nyuma."

Sasa sisi, ndugu zangu, tusimtazame mwenyekiti peke yake. Je, ni yeye aliyeshika keke ya kutobolea? Ni sisi. Tulitoboa, tukapiga na msasa, na jicho lilipokuwa kwa jirani tukasema, "Kuna jambo analoficha." Na kitambaa kile cha ofisini, nani kati yetu hakukiona? Tulipita mbele yake kila siku tukiamkia. Anayetutazama bila hodi, kisha tukimtazama anatuita wapelelezi, huyo halindi, anawinda. Na sisi tumemfungulia zizi.

Kitambaa kimesharudishwa tunduni. Nendeni mkakitoe. Msimwachie mzee mmoja mwenye kikohozi.

Ijumaa mume alirudi nyumbani, amevaa shati la mgambo mzee. Kikohozi hakijasikika tena mtaani.