Mjomba Hatajwi Bure

Mjomba hatajwi bure. Ndivyo mama yenu alivyomjibu diwani leo mkutanoni, nanyi mkacheka mpaka mkaonyesha magego. Mnacheka msichokijua! Kaeni hapa. Methali hiyo ilizaliwa papa hapa Kwamlola, na mimi nilikuwepo, ingawa nilikuwa mchanga wa kubebwa mgongoni.

Enzi hizo Waingereza walikuwa na shamba la mkonge hapo bondeni. Mwaka mmoja wakalipanua, wakazungusha seng'enge, na njia yetu ya mtoni ikakatwa. Kwenda mtoni ikawa safari ya kulizunguka shamba zima. Wazee na wajawazito hawakuiweza, wakateka maji ya dimbwi. Watoto wakaanza kuhara, mmoja baada ya mwingine. Mjukuu wa Bi Semeni alikuwa hoi, macho yameingia ndani. Mjukuu huyo ndiye mimi, kwa hiyo msinichekee hapa.

Meneja wa shamba aliitwa Bobu. Jina hilo kila mtu alilijua, maana mkewe alikuwa akiliita toka barazani mpaka sisi tunasikia. Msaidizi wake alikuwa kijana, Bwana Tomu, asiyejua Kiswahili. Alisemewa na karani wetu, Elia Mhina. Elia alikuwa mtu mwema, lakini Kiingereza chake kilikuwa cha kitabuni, na Waingereza wale walizungumza kwa misemo yao ya mitaani ya tangu enzi za babu zao. Mzee Kilua alipofukuzwa kazi, Elia alimwambia, "Bwana anasema anakupa gunia." Mzee wa watu akaenda stoo kulidai gunia lake! Kumbe kwao kupewa gunia ndiko kuachishwa kazi.

Basi siku moja Bi Semeni akawakusanya wanawake, wakamzuia Bwana Tomu kwenye seng'enge. Wakadai lango. Bwana Tomu alikuwa na haraka. Akasema maneno mawili matatu, akapanda baiskeli.

"Amesemaje?" Bi Semeni akauliza.

"Amesema nendeni ofisini, ombeni kwa adabu, na Bobu ni mjomba wenu."

Wanawake wakatazamana.

"Elia, rudia."

"Bobu ni mjomba wenu. Ndivyo alivyosema, neno kwa neno."

"Mbele ya watu wote hawa?"

"Mbele ya watu wote hawa, mama."

Ala! Sisi ni Wazigua, na mjomba kwetu si mtu wa mzaha. Zamani hizo kauli yake ilimzidi hata baba. Mpwa akikatiza shambani kwa mjomba haulizwi anakwenda wapi. Bi Semeni hakulala na neno lile. Asubuhi akanifunga mgongoni, akakamata jogoo, wenzake wakabeba unga, wakaenda kwa meneja wakipiga vigelegele njia nzima.

Bobu akatoka barazani na kikombe cha chai mkononi. Bi Semeni, na mvi zake zote, akapiga magoti mbele ya mtu wa umri wa mwanawe.

"Shikamoo, mjomba! Wapwa wako tumekuja. Jogoo wako huyu. Watoto wako wanakunywa matope, mjomba, na huyu mgongoni anakufa. Tufungulie njia."

Elia akatafsiri, jasho linamtoka. Bobu akauliza ni nani aliyemfanya mjomba wa kijiji kizima. Vidole vyote vikamwelekea Bwana Tomu, aliyesimama pembeni ya baraza, naye akaiva uso kama nyanya. Bobu alicheka mpaka chai ikamwagika. Kisha akaeleza, na Elia akatafsiri kwa sauti ya chini.

"Anasema hakuna mjomba hapa. Ule ni msemo wao wa zamani tu. Bobu anayetajwa si yeye, wala si mtu yeyote. Mtu akisema hivyo, maana yake ni kwamba jambo limekwisha, halina taabu tena."

Wanawake wakainamisha vichwa kwa aibu. Bi Semeni hakuinamisha. Akasimama, akapangusa magoti.

"Elia, mwulize vizuri. Maana yake jambo limekwisha?"

"Ndiyo, mama."

"Basi limekwisha! Mwambie kwa maana yao, lango tumeshapewa. Kwa maana yetu, mpwa hafungiwi njia na mjomba wake. Achague anayoitaka, sisi zote tunazikubali."

Elia akatafsiri. Bobu akamgeukia mkewe aliyekuwa mlangoni. Mkewe ndiye aliyeangua kicheko, akasema neno, na Elia hakungoja kuulizwa: "Anasema, Bobu, umepatikana!"

Kabla ya adhuhuri seng'enge ilikatwa. Vigelegele vilisikika mpaka ng'ambo ya mto. Siku hiyo nilikunywa uji wa maji safi, na mnaniona hapa, mifupa yangu mizito na mdomo haunyamazi. Yule Bobu akaitwa Mjomba mpaka alipoondoka nchini, na kila aliposalimiwa aliitikia, "Marahaba."

Sasa, leo diwani kasimama mbele ya kijiji kizima, kasema, "Mimi ni mtoto wenu." Mwenyewe kasema, hakulazimishwa. Na bomba letu limekauka tangu kiangazi. Kwa hiyo acheni kucheka, mnitafutie jogoo mzuri. Kesho tunakwenda kwa mtoto wetu na vigelegele, akatueleze kama mtoto huwaacha mama zake wafe kiu.

Mjomba hatajwi bure.