Kabari ya Orsola

Sikilizeni, kizazi cha Montesala, na mwenye kukohoa akakohoe nje. Zama za mababu wa mababu zetu, mlima huu ulipokuwa mtupu na Misa ikisomewa zizini, alizaliwa Gualtero mwana wa Ansaldo, mjukuu wa Rinaldo mpasua mawe: Gualtero Mabega-ya-Mwamba, aliyebeba peke yake jiwe lililowashinda ng'ombe sita. Miaka ishirini alilijenga kanisa letu, hadi likabaki tao moja tu.

Desturi ya waashi ilikuwa hii: siku ya kuondoa miega, yale magogo yanayolishikilia tao, mjenzi husimama chini yake, na damu yake mwenyewe, mtoto aliyemzaa, ndiyo hugonga na kuing'oa kabari ya kwanza inayoikaza miega. Naye Gualtero hakuwa na mtoto ila Orsola, aliyemlea peke yake tangu mama mtu afariki.

Mwaka ule mvua haikukatika. Askofu alikuwa njiani kuja kulitabaruku kanisa, na wazee wa mji wakamjia Gualtero.

"Fundi, usituaibishe mbele ya mgeni. Miega iondoke leo."

Orsola akagusa ukuta, kidole kikarudi cheupe. "Baba, chokaa bado mbichi. Tungoje."

"Gualtero hajapata kuliombea tao lake muda. Gonga, mwanangu."

Ole wake! Alijua kuliko wote, ila sifa zilimponza. Orsola akagonga huku analia, maana neno la baba halirudishwi. Miega ikaanguka, watu wakaingia kwa vigelegele, ndipo tao likatoa mlio.

Gualtero akalipokea kwa mabega na mikono, akalishika mpaka ajuza wa mwisho alipotoka na fimbo yake. Orsola akabaki, amemkumbatia kiunoni.

"Toka, Orsola. Mkono uliogonga ni wako, kosa ni langu. Nilijua, nikanyamaza."

Hakutoka. Basi baba akaondoa mkono mmoja akamsukuma nje, na mkono huo mmoja ndio uliopungua; tao likamfunika.

Orsola alilijenga upya tao lile, kwa mawe yaleyale, miaka kumi na mmoja. Chokaa ikakauka ikawa ngumu kama mfupa. Wakamwambia aitoe miega, akakataa hadi anazikwa. Nanyi mnaiona mpaka leo, mnaipita mmeinama mkienda kukomunika, wala hakuna wa kuitoa. Desturi yataka damu ya mjenzi igonge kabari, na Orsola, kwa kusudi lake mwenyewe, hakuzaa.