Kurasa Arobaini za Zamda

Si zamani za kale, ni juzi tu, palikuwa na tajiri Mbaruku. Alikuwa na programu ya simu ya wajawazito, na namba zao aliwauzia wauza nepi kimyakimya. Sheria ya faragha ilipombana, alimwita Zamda, fundi wa kuhakiki programu kwa hesabu, mstari kwa mstari.

"Thibitisha kwamba hakuna siri inayotoka bila ridhaa," alisema. "Ukikataa, kazi huna."

"Lakini akina mama hawajaridhia, bosi."

"Wamebonyeza 'Nakubali' chini ya kurasa arobaini. Kutosoma ni shauri yao."

Zamda aliinamisha kichwa, akaenda zake. Baada ya wiki alileta uthibitisho, kurasa arobaini za hesabu. Mbaruku alifunua ukurasa wa kwanza, akapiga miayo, akatia sahihi kwenye wa mwisho.

Jumatatu wakaguzi wa serikali walibisha hodi, wana orodha ya wauza nepi wake wote.

"Nani kawapa siri zangu?" Mbaruku aling'aka.

"Wewe, bosi," Zamda alijibu kwa upole. "Ukurasa wa thelathini na moja, umekubali wakaguzi wapelekewe orodha hiyo. Nimehakiki mara mbili: hakuna siri iliyotoka bila ridhaa."